Mamangu yuko eda na kaunsela hamuelewi, nifanyeje?

BintiLangoni: Asalaam aleikum jamani. Niko Amu, babangu kafariki miezi miwili sasa na mama bado yuko eda, hatoki ovyo nyumbani. Usiku halali, namsikia akikunja kanzu za marehemu, azikunja azifungua azikunja tena mpaka adhana ya alfajiri. Mchana yuasema kichwa chajaa na moyo wamuenda mbio. Presha ikapimwa iko sawa, tukaelekezwa kwa kaunsela. Kijana wa bara, mpole kwa kweli, roho mbaya hana. Lakini kamuingiza mama chumbani akafunga mlango, mimi nikabaki nje ati ni siri ya mgonjwa. Mama kaniambia muda wote alikuwa atizama kitasa tu. Kila akiulizwa unaendeleaje, ajibu alhamdulillah. Basi kaandika anaendelea vizuri, arudi baada ya miezi miwili! Tena kamwambia asijifungie ndani, jioni atoke apunge upepo ufuoni. Mtu yuko eda?? Mama karudi analia, kule harudi tena. Nimbembeleze ama niache? Naogopa manake anapungua mwili.

MkungaMstaafu: Pole mwanangu, Mola amrehemu. Hiyo alhamdulillah ndiyo iliyowapoteza. Kwetu mtu hata akiwa yuafa atasema alhamdulillah, ni shukrani kwa Mungu, si ripoti ya ugonjwa. Aulizwe vitu vya kushikika, jana umelala saa ngapi, umekula nini, kipi ulichokuwa ukikiweza sasa kinakushinda. Na mlango, mwambie kaunsela waziwazi, mama na mwanamume asiye maharimu yake chumba kimefungwa, hapo hasemi neno. Uliza kama kuna wa kike.

Nahodha_77: Mimi ningeanza na shehe asomewe. Na shehe muulizeni pia habari ya kutoka, eda haimzuii mtu kwenda kutibiwa.

KaunselaMalindi: Nahodha uko sawa, kisomo na matibabu havigombani, apate vyote. Mimi pia ni wa bara. Kuna mama aliniambia marehemu mumewe huja usiku kumuamkia, nikaandika anaona vitu visivyokuwepo, kumbe ni ndoto na ndiyo iliyokuwa ikimliwaza. Bado yaniuma. Kile kitabu cha Wamarekani cha magonjwa ya akili, DSM-5 cha 2013, kina maswali 16 ya kumuuliza mgonjwa mwenyewe analiitaje tatizo lake, anaona limetokana na nini, nani humsaidia. Kwa hivyo dada huombi hisani, hiyo ni kazi yake kaunsela. Zimbabwe nako tangu 2006 kuna Friendship Bench, nyanya waliofunzwa hukaa na mgonjwa kwenye benchi nje ya kliniki, nao hutumia neno la kwao kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Mama akisema kichwa chajaa, anzieni hapo. Ila huko kupungua mwili usingoje miezi miwili, arudi kwa daktari wiki hii. Na akisema bora amfuate marehemu, usimuache peke yake, mpeleke siku hiyo hiyo.

BintiLangoni: Shukran sana nyote. Kwa daktari twaenda kesho inshallah. Kaunsela nimempigia, kaomba radhi, kauliza eda ni muda gani nikamwambia miezi 4 na siku 10. Jumatatu mama ataonana na mwenzake wa kike, na mimi nitakuwemo. Jana nimemuuliza mama mwenyewe aliitaje hili linalomsumbua. Kanyamaza weee, kisha akasema, "Nyumba imekuwa kubwa." Nimeliandika vivyo hivyo niende nalo.