Naombeni msaada: makala 61,000 za niuzigrupu zinagoma kuingia seva mpya

mtu_wa_mbagala
Habari zenu wakuu, poleni na foleni. Kuna seva ya zamani ya niuzigrupu (newsgroup, majukwaa ya maswali na majibu ya maandishi, kila ujumbe unaitwa makala), za ofisi tu, mafundi pampu na jenereta wanaulizana humo tangu 2004, makala kama 61,000 hivi kwenye magrupu 9. Nimefunga INN, programu ya seva ya niuzigrupu, kwenye mashine mpya hapa nyumbani nataka kuzihamisha zote kwa mpigo. Nilitumia pullnews, kiprogramu cha kuvuta makala seva moja na kuzisukuma nyingine, kule inavuta vizuri tu ila huku seva mpya inazitema, 437 Too old (eti zimezeeka mno), moja baada ya nyingine. Wiki ya tatu hii silali. Naombeni njia ya haraka maana muda sina.

Kandambili
Wajuzi wanakuja mkuu. Mi nimekaa siti ya dirishani.

Mama Sinza
Muda huna kwa nini?

FundiUbungo
Hiyo ndogo. Kwenye inn.conf, faili la mipangilio ya INN, kuna artcutoff, usipoigusa ni siku 10, makala iliyozidi umri huo inakataliwa. Weka 9999 uwashe upya. Ila mkuu, kwa nini unachota moja moja kama mtu anayehamisha kisima kwa kijiko? Ingia kwenye seva, kopi folda zima la makala kwenye hadidiski ya nje, panda daladala, kwisha kazi.

Zee la Kigamboni
Mnanikumbusha mbali vijana. Kabla mkongo wa baharini wa SEACOM haujatua hapa Dar 2009 intaneti ilikuwa ya dishi, unalipia nusu saa pale mjini Posta, unafungua picha aliyotuma mchumba, inashuka taratibu kuanzia nywele, ikifika shingoni muda umeisha. Nilioa mtu ambaye kwa miezi minne nilimjua kidevu tu. Bado tuko wote.

mtu_wa_mbagala
@FundiUbungo kuingia ndani haiwezekani kwa sasa, nina akaunti ya kusoma tu. Na hiyo 437 nilishaipiga chenga, nimeandika skripti inafuta Date (tarehe) na Message-ID (utambulisho wa kila makala) halafu inaposti kama makala mpya. Zimeshaingia 23,000. Kilichobaki ni kwamba zote zinaonekana za mwezi huu, na majibu hayakai chini ya maswali yake. Hapo ndo nataka msaada.

FundiUbungo
Umefanya nini wewe!! Jibu linamjua mzazi wake kwa Message-ID, imeandikwa kwenye mstari wa References wa jibu. Ukiifuta seva inaipa swali ID nyingine, jibu linabaki yatima linamtafuta baba asiyekuwepo. Hapo hakuna kurekebisha, futa zote 23,000 uanze upya. Na usirudishe pullnews juu ya history hiyohiyo (daftari la ID seva ilizokwisha kuziona), mpangilio wa remembertrash kwa kawaida umewashwa, seva inazikumbuka ID zote ilizozikataa mwanzo, itakujibu 435 (siitaki) hata usome dua. Safisha history, pandisha artcutoff, halafu kwenye expire.ctl, faili la muda wa kutunza makala, weka never KABLA ya kuvuta chochote, la sivyo news.daily, kazi ya usafi ya kila siku, inapita usiku inafagia za 2004 zote unaamka unakuta sakafu. Na umeme unakatika, pullnews ina faili lake la alama ila usipoigusa inaliandika mwisho wa kazi tu, iwashe na -k ihifadhi kila baada ya makala kadhaa, hapo itaendelea karibu na ilipoishia.

mtu_wa_mbagala
Kufuta siwezi mkuu, hizo ni usiku 11 za maisha yangu. Na zinasomeka! Fundi akitafuta pampu inayovuta hewa anaipata. Tarehe ina kazi gani?

Mama Sinza
Halafu kaka hujanijibu. Muda huna kwa nini, na admini gani wa seva ana akaunti ya kusoma tu?

mtu_wa_mbagala
Haya. Mkataba wangu uliisha mwezi wa tatu. Paswedi ya admini waliifuta, ya kusoma wakaisahau. Na mashine wanaiuza mwisho wa mwezi huu pamoja na makabati. Lakini nimeitunza mimi miaka 14, hadi feni nimebadilisha kwa hela yangu. Siibi, nakopi.

Kandambili
"Siibi, nakopi" niliitumia kidato cha pili, mwalimu hakuielewa.

Ustaadh Temeke
Ndugu yangu, mlango uliosahaulika kufungwa haujawa wako. Kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na hata isingekuwepo, amana ni amana.

Jicho la Tatu
Wakuu hii chai. Google wenyewe waliachana na Usenet, ule mtandao wa niuzigrupu wa dunia nzima, Februari 2024, leo mtu wa Mbagala ana makala 61,000 za pampu? Nani anaandika? Weka picha.

Kandambili
Chai ya tangawizi hii. Vitafunwa viko wapi?

mtu_wa_mbagala
Haijawahi kuunganishwa na Usenet hata siku moja, ni ya ndani. Iliwekwa na Mjerumani mmoja wa kujitolea kwa sababu dishi lilikuwa ghali, tawi la Mtwara linavuta makala mpya mara moja usiku, mchana kila fundi anasoma palepale kwenye seva ya tawi bila kugusa dishi. Makala ya kwanza kabisa ni ya tarehe 14 Septemba 2004, kichwa chake "Pampu ya Masasi inakohoa". Jibu la kwanza: "Kohozi rangi gani?"

Jicho la Tatu
Hapo kwenye kohozi nimeamini nusu. Ila si umesema tarehe umezifuta, hiyo 14 Septemba umeitoa wapi?

mtu_wa_mbagala
Nimeingia kuisoma kule kwenye seva ya zamani.

Mama Sinza
Na hiyo ya zamani ikiuzwa utaisoma wapi? Ulituuliza tarehe ina kazi gani.

mtu_wa_mbagala
Dah.

FundiUbungo
Mdogo wangu nenda pale mchana kweupe, omba kwa barua. Wakikubali unakopi folda zima na tarehe zake, jioni umemaliza.

mtu_wa_mbagala
Mrejesho. Nimempigia dada wa mapokezi, kasema nilete barua, na mashine yenyewe ni elfu themanini kama naitaka, kabati kando. Barua naipeleka Jumatatu. Zile 23,000 nimezifuta usiku huu, imeniuma sijawahi ona. Akaunti ya kusoma sijaigusa tena.

Ustaadh Temeke
Mungu akufanyie wepesi.

DogoJanja_Tandika
Wakuu nimechelewa, sijasoma yote. Niuzie grupu lina memba wangapi, na bei ya mwisho?