Modeli ya peptidi za mfupa ina AUC 0.94, seli hazijibu

Wakuu, naomba msaada. Nimefunza modeli ya kompyuta kutambua peptidi (vipande vifupi vya protini) za kukuza mfupa. Nina 210 zenye kazi hiyo, urefu asidi amino 3 hadi 20, na hasi 210, yaani zisizo nayo. AUC (kipimo cha jinsi modeli inavyotenganisha makundi hayo; 1 ni kamili) ni 0.94, lakini peptidi mpya zote ilizopendekeza zimegoma kupandisha ALP (kimeng'enya kinachoashiria ujenzi wa mfupa) kwenye MC3T3-E1 (seli za panya za kujenga mfupa). Nakosea wapi?

Jibu 1
Umegawa data kwa bahati nasibu? Basi peptidi KIPKASSVPTELSAISTLYL ya BMP-2 (protini ya kukuza mfupa) iko kwenye mafunzo, na ndugu yake wa herufi moja tofauti yuko kwenye mtihani. Modeli imekariri. Panga familia za peptidi zinazofanana kwa CD-HIT (programu ya kupanga mifuatano), kila familia ibaki upande mmoja. Angalia -l, chaguo lake la kutupa mifuatano mifupi: isipobadilishwa ni 10, hivyo peptidi fupi kama RGD na KRSR hutupwa kimyakimya. Hizo zipange kwa mkono.

Jibu 2
Hasi je? Vipande vya protini vilivyookotwa ovyo hufunza modeli kutambua chaji tu. Bora zilizopimwa zikashindwa.

Jibu 3
Mkuu, soma pia cheti cha peptidi. Mabaki ya TFA (asidi inayotumika kutengeneza na kusafisha peptidi) yenyewe hupunguza kuzaliana kwa osteoblasti, seli za kujenga mfupa. Agiza chumvi ya asetati. Halafu RGD inayoelea kwenye midia huzuia seli kushika, ndiyo maana hufungwa kwenye kiunzi (tegemeo la kukuzia seli), mathalani kwa sisteini ya mwishoni. Asidi askobiki (vitamini C) 50 µg/ml umeweka kwenye midia?