Mbao za tabaka jikoni na bafuni, nyumba iko pwani: nichague nini?

MwanaTanga
Wakuu, salaam. Namalizia nyumba hapa Tanga, si mbali na bahari. Sebuleni na vyumbani nimeamua sakafu ya mbao za tabaka, kwa sababu mama ameshateleza mara mbili kwenye marumaru. Kinachoniumiza kichwa ni jiko, korido ya nyuma na bafu. Dukani wananishauri pia lamineti au vinili ngumu, eti zote "hazidhuriki na maji". Nani ameishi nazo?

BintiNyali
Lamineti jikoni, hapana. Friji yetu ilivuja usiku mmoja tu, asubuhi kingo zimeumuka kama maandazi. Ndani ni unga wa mbao ulioshindiliwa; ukishanyonya maji haurudi ulivyokuwa. Tuling'oa zote.

FundiSakafu
Mkuu, mbao za tabaka juu ni mti halisi, milimita 2 hadi 6, na chini ni plaiwudi. Nyuzi za kila tabaka zimekatizana na za tabaka la jirani, ndiyo maana hazijipindi upesi kama ubao mzima. Lakini ni mbao. Bafu la kuogea usiweke kabisa. Weka vigae vya poseleni vyenye uso wa kukwaruza: hunyonya maji asilimia 0.5 au chini ya hapo, na mama hatateleza.

Jikoni inawezekana, ila tazama kwanza chini. Nyingi nilizoitwa kuzing'oa ziliharibiwa na unyevu wa zege, wala si maji yaliyomwagika juu. Zege huhitaji takribani mwezi mmoja kwa kila milimita 25 za unene ili likauke. Kata nailoni mraba wa sentimita 45, ibandike sakafuni kwa gundi ya utepe kingo zote, iache saa 16 au zaidi. Ukiifunua ukakuta matone, au zege limegeuka jeusi, usilaze kitu. Na ukilaza, acha nafasi ya milimita 10 hivi ukutani ili mbao zipate pa kutanukia, skatingi (ubao mwembamba wa chini ya ukuta) itaifunika.

DadaKigamboni
Ongezeni suala la kudeki. Kwetu tumezoea kumwaga ndoo na kusukuma maji kwa mpira. Kwenye mbao hiyo ni marufuku, ni kitambaa kilichokamuliwa vizuri tu. Mimi jikoni nilichagua vinili ngumu, ile ya unga wa mawe ya chokaa na plastiki. Kweli haivimbi. Lakini karibu na mlango wa kioo, jua la saa tisa liliinyanyua kwenye maungio, na maji yaliyopenya hapo yalileta harufu ya ukungu.

MwanaTanga
Asanteni sana. Bafu na korido ya nyuma, poseleni. Jiko langu halipigwi jua, kwa hiyo nabaki kati ya vinili na mbao za tabaka. Moyo uko kwenye mbao.

FundiSakafu
Zege lilimwagwa lini, na lina unene gani?

MwanaTanga
Wiki sita sasa. Sentimita 10.

FundiSakafu
Bado mapema mno, hata kama juu linaonekana kavu. Chini yake walitandika nailoni ya kuzuia unyevu wa ardhini?

MwanaTanga
Siku ile sikuwepo. Kesho asubuhi namuuliza fundi aliyemwaga.

FundiSakafu
Basi usinunue hata boksi moja kabla hajakujibu.