Miaka 30 tangu nimalize sekondari, nataka kuandika kumbukumbu: nianze na sanduku au na kichwa?

Dawati la Nyuma (mleta uzi)

Wakuu, habari za leo.

Naomba ushauri kwa wenye uzoefu. Nataka kuandika kumbukumbu za miaka yangu ya sekondari, umri wa miaka 14 hadi 18. Imepita miaka 30 na ushei. Wasomaji ni wale niliosoma nao na watoto wetu, kurasa 40 au 50 hivi, si kitabu cha kuuza. Nilivyonavyo, vyote vimo kwenye sanduku moja:

- shajara 3, mbili za bolpeni na moja ya penseli
- albamu 1 ya zile kurasa zenye gundi na nailoni juu yake, picha kama 90
- barua 40 hivi zilizofungwa kwa rababendi
- kaseti 2 tulizojirekodi darasani, moja utepe wake umelegea

Nianze na kipi? Picha zimeganda kwenye albamu, nazitoaje bila kuzichana? Na majina ya watu niyaandike kama yalivyo?

Naomba kuwasilisha.

Msoma Shajara

Mkuu, sanduku lifunge kwanza. Usifungue shajara wala albamu hadi umalize kuandika unachokikumbuka bila msaada wowote. Ukishasoma ukurasa mmoja, yale uliyoyasoma na yale uliyokuwa unayakumbuka yanachanganyika, na huwezi tena kuyatenganisha. Ni kazi ya mara moja tu, haina marudio.

Fanya hivi. Chukua karatasi kubwa, au A4 mbili uzibandike pamoja, uchore ramani ya darasa: mlango, madirisha, ubao, safu za madawati. Jaza majina kwenye madawati. Ukikwama, acha nafasi wazi, usibahatishe. Kisha jitembeze kwa kalamu kuanzia mlangoni asubuhi hadi kengele ya mwisho: uliingia na nani, jua lilipiga upande gani, dawati gani lilikuwa linayumba. Dakika 20 kwa kikao zinatosha, na vikao 8 hadi 10 vitakupa malighafi nyingi kuliko unavyodhani. Kila karatasi iandike tarehe ya leo.

Ramani inasaidia kwa sababu majina ndiyo yanayotoroka kwanza, sura hubaki. Mwaka 1975 Harry Bahrick na wenzake huko Marekani waliwapima watu 392 kwa kutumia vitabu vya picha vya shule zao. Hata waliomaliza shule miaka zaidi ya 30 nyuma waliendelea kutambua takriban asilimia 90 ya sura za waliosoma nao, lakini kuyataja majina bila kuonyeshwa chochote kulikuwa kugumu zaidi. Kwa hiyo jina likigoma leo usikate tamaa. Albamu itakuja kulifungua.

Ukimaliza hapo ndipo ufungue shajara. Katika muswada tumia alama tatu pembeni: N kwa ninachokumbuka, S kwa kilichoandikwa shajarani au baruani, W kwa nilichoambiwa na wenzangu. Vikigongana, viache vyote viwili. Mahali vinapogongana ndipo penye habari.

Hakimu wa Tarehe

Napingana kidogo na mkuu hapo juu. Kichwa cha mtu mzima ni shahidi dhaifu sana kwa mambo ya ujana. Daniel Offer na wenzake waliwahoji wavulana wa miaka 14, kisha wakawauliza 67 kati yao mambo yaleyale walipofika miaka 48. Matokeo yalitoka mwaka 2000: majibu yao kuhusu hisia na maisha ya nyumbani wakati ule hayakuwa na usahihi kuzidi wa kubahatisha.

Tena makosa hayaendi ovyo, yana mwelekeo. Mwaka 1996 Bahrick alilinganisha alama 3,220 za sekondari na kumbukumbu za wanafunzi 99 wa chuo. Alama za A zilikumbukwa sawasawa kwa asilimia 89, za D kwa asilimia 29, na wengi walijipandisha. Hao ni vijana waliotoka shule juzi tu. Mwenye miaka 30 nyuma yake akiandika "nilikuwa wa tatu darasani", atafute ripoti kwanza.

Msoma Shajara

Hatupishani sana, mkuu. Kichwa nakitanguliza ili kisichafuliwe, sijasema ndicho cha kuaminiwa. Lakini na shajara nayo ina kona zake. Kijana wa miaka 15 huandika siku aliyokasirika au aliyopenda, siku 20 za kawaida zinapita kimya. Huficha pia, maana huenda mzazi akaisoma. Kwa hiyo kabla ya kunukuu, hesabu: kurasa ngapi zina maandishi kila mwezi? Mwezi wenye kurasa 25 na mwezi wenye 2 usiupe uzito sawa. Na ukiona herufi moja mahali pa jina, au mstari uliokatwa kwa nguvu hadi karatasi ikatoboka, hapo simama. Picha ya ukurasa huo ina maana kuliko nakala ya maneno yake.

Mkono Taratibu

Mimi nijibu la picha. Zile albamu ni adui, mleta uzi. Ile mistari ya gundi hukauka na kukamata mgongo wa picha, na nailoni ya juu huzuia hewa. Usizivute kwa kuzikunja, tabaka la picha litapasuka na ufa ule hauondoki.

Kabla ya kugusa chochote, piga picha kila ukurasa mzima. Mpangilio na maandishi ya pembeni ni kumbukumbu pia, na ukishatoa picha ya kwanza mpangilio umepotea.

Kisha chukua uzi wa kusafishia meno usio na nta, kama sentimita 40. Upitishe chini ya kona moja, uvute kushoto na kulia kama msumeno, uende nao ukiwa umelala sambamba na ukurasa. Picha yenyewe isiinuke, ni uzi unaotembea. Ikigoma, tumia draya ya nywele kwenye moto mdogo, upande wa nyuma wa ukurasa, sekunde chache halafu jaribu tena. Joto likizidi, jelatini, yaani tabaka linaloshika picha, inalainika na uso wa picha unanata. Maji, spiriti na mafuta acha kabisa. Na ile inayogoma baada ya majaribio mawili iache ilipo, ikate na kipande chake cha ukurasa, uiskani hivyohivyo.

Skani kwa vitone 600 kwa inchi, hifadhi TIFF (faili kubwa isiyopoteza ubora) kama faili mama na JPEG (faili ndogo) za kutumiana. Picha ya sentimita 10 kwa 15 itakuwa kama megabaiti 25, zote 90 kama gigabaiti 2 na robo, si mzigo. Zima marekebisho ya rangi ya skana. Picha nyingi za rangi za zamani zimegeuka nyekundu kwa sababu rangi ya samawati imefifia mapema kuliko nyingine, hilo utalirekebisha kwenye nakala. Skani migongo pia kama ina maandishi. Usiandike mgongoni kwa bolpeni, inachora alama hadi upande wa mbele. Andika kwenye bahasha ya karatasi kwanza, ndipo uingize picha.

Barua: kata rababendi kwa mkasi, usiivute, ikizeeka hunata. Toa klipu na pini za chuma kabla ya kutu. Mchano usibandike selotepu.

Fundi Kaseti

Ile iliyolegea usiitie mashineni. Ingiza penseli yenye pembe sita kwenye tundu, zungusha taratibu hadi utepe ukaze. Angalia kisponji kidogo kinachokandamiza utepe kwenye hedi, ile sehemu ya mashine inayosoma utepe: gundi yake hukauka kikaanguka, na bila hicho sauti inakuja kama mtu anaongea nyuma ya blanketi. Kikiwa kimeanguka, hamishia utepe kwenye ganda la kaseti nyingine iliyofungwa kwa skrubu.

Vunja vile vijino viwili vya nyuma ili mtu asije akarekodi juu yake. Safisha hedi kwa spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, subiri ikauke. Peleka utepe mbele hadi mwisho, urudishe wote, ili matabaka yaliyogandana yaachane. Mashine iunganishe na kompyuta kwa waya, si kwa maikrofoni mbele ya spika. Rekodi kwa WAV, faili ya sauti isiyobanwa, ya kilohezi 48, biti 24, saa moja ni kama gigabaiti 1. Anza kurekodi tangu mara ya kwanza unapocheza, usicheze ya kujaribu. Utepe uliochoka unaweza kukupa mara moja tu.

Mhariri wa Usiku

Majina sasa. Karatasi ya barua ni yako, maneno bado ni ya aliyeyaandika. Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, unaweka ulinzi usiopungua miaka 50 baada ya kifo cha mwandishi. Kueleza kwa maneno yako barua ilisema nini ni rahisi zaidi, kuinakili neno kwa neno omba ruhusa.

Kubadili jina peke yake hakumfichi mtu mbele ya waliosoma naye. Ukiandika "kiongozi wa darasa mwaka wa pili", wote wanamjua. Kwa habari nzito, yaani aliyeonewa, aliyefukuzwa, mapenzi, ugonjwa, mpelekee aya yenyewe, si muhtasari, mpe wiki tatu, na umuulize swali moja: iende, ibadilike au itoke? Akisema itoke, itoke. Alikuwa mtoto wakati ule, hakuchagua kuwa kwenye maandishi ya mtu.

Na wenzako wahoji mmoja mmoja kabla ya kuwakutanisha kwenye kundi la simu. Mkianza pamoja, mwenye sauti kubwa ndiye atakayekumbuka kwa niaba ya wote. Sema "nisimulie siku ya matokeo", usiseme "unakumbuka alivyolia?"

Dawati la Nyuma (mleta uzi)

Asanteni sana wakuu, sanduku nimelirudisha juu ya kabati. Moja limebaki: ile shajara ya penseli imefifia, mistari mingine haionekani. Nipitishe penseli juu yake?

Mkono Taratibu

Usithubutu, utafuta kilichobaki. Penseli haififii kwa mwanga, inafutika kwa kurasa kusuguana. Kwa hiyo usiipekue mara kwa mara, na weka karatasi nyeupe laini kati ya kurasa. Kusoma, zima taa ya juu, laza tochi mezani mwanga upite juu ya ukurasa kutoka ubavuni. Mchoro wa penseli unang'aa kidogo na mkandamizo wake unatoa kivuli. Piga picha tatu, mwanga ukitoka pande tatu tofauti, kisha ongeza kontrasti kwenye kompyuta. Neno lisilosomeka kwenye zote tatu liandike [halisomeki], usilijazie.