Pikipiki ya njia mbovu kwa mwendeshaji mfupi: nichague ipi, na irekebishwe wapi kwanza?

Daktari wa Mifugo, Rongai

Waendeshaji wenzangu, nawasalimu kutoka Ongata Rongai. Mimi ni mtaalamu wa afya ya mifugo, na siku nne za kila wiki hupita Kiserian na Kona Baridi kwenda vijiji vya Kajiado, ambako lami ikiisha hubaki changarawe, mawe ya ukubwa wa ngumi na, mvua ikinyesha, ule udongo mweusi unaojaa kwenye gurudumu hadi likakataa kuzunguka. Kwa miaka mitatu nimetumia pikipiki ya kawaida, ya aina wanayotumia watu wa boda boda. Sina malalamiko nayo kwenye lami, lakini shoki zake fupi zimeniumiza mgongo, na mara mbili mwaka huu imekwama tumbo juu ya jiwe.

Kimo changu ni sentimita 157 na uzito wangu ni kilo 52. Nimeonyeshwa pikipiki mbili: Honda CRF250L iliyotumika, yenye bei ninayoimudu, na Honda XR150L mpya. Nilipoikalia ile ya kwanza, vidole vya miguu yote miwili viligusa sakafu kwa shida, na muuzaji akaniahidi kwamba angeishusha kwa siku moja tu ili nikanyage chini vizuri. Ahadi hiyo ilinitia shaka badala ya kunituliza. Naomba wenye uzoefu mnieleze: je, ni lazima nyayo zote mbili zikae chini? Na kama pikipiki itashushwa, kuna gharama gani nyingine ambayo muuzaji hakuitaja?

Mzee wa Magadi Road

Daktari, pole kwa mgongo. Kabla hujatoa hata shilingi moja, pima mguu, usipime kimo. Simama bila viatu, mgongo ukutani, bana kitabu chenye jalada gumu katikati ya mapaja na ukipandishe mpaka kiguse msamba, kisha mtu akupimie kwa futi ya fundi cherehani kutoka ukingo wa juu wa kitabu hadi sakafuni. Watu wawili wenye kimo kimoja wanaweza kutofautiana sana hapo, na tofauti hiyo ndiyo utakayoihisi ukisimama kwenye mteremko.

Kiti cha CRF250L kiko milimita 875 kutoka ardhini, na cha XR150L kiko takriban 825. Usizichukue namba hizo kama neno la mwisho, kwa sababu pikipiki huzama ukiikalia, na kwa sababu upana wa kiti nao hula urefu wa mguu: kiti kipana hutanua mapaja, na mguu uliotanuliwa haufiki chini kama mguu ulionyooka. Ndiyo maana viti viwili vya urefu uleule vinaweza kukupa hali mbili tofauti kabisa.

Lakini ninalolitilia mkazo kuliko yote ni uzito. Royal Enfield Himalayan ya cc 411 ina kiti cha milimita 800, chini kuliko hizo zako zote mbili, na wafupi wengi huipenda dukani kwa sababu hiyo. Ila ina karibu kilo 200, na siku itakapolala ubavuni kwenye mawe ukiwa peke yako utatamani ingekuwa ndefu zaidi na nyepesi zaidi. CRF250L inazidi kilo 140, XR150L ni kama 129. Kwa kilo zako 52, na kwa kazi inayokupeleka peke yako mahali pasipo na mtu, mimi ningechukua ile nyepesi bila kufikiri mara mbili. Tena ina stata ya umeme pamoja na kiki, jambo lenye maana kubwa kwa mtu mfupi, kwa sababu kupiga kiki ukiwa umesimama kwenye mteremko na mguu mmoja haufiki chini ni njia ya haraka ya kuanguka.

Fundi wa Shoki, Kariobangi

Nakubaliana na Mzee kuhusu uzito. Mimi nitajibu swali la kushusha, kwa kuwa nalipwa kila mwezi kurekebisha pikipiki zilizoshushwa vibaya.

CRF250L ina viungo vinavyounganisha shoki ya nyuma na mkono unaobeba gurudumu. Njia rahisi, na bila shaka ndiyo aliyoifikiria muuzaji wako ya siku moja, ni kubadilisha viungo hivyo viwekwe virefu zaidi, na nyuma inashuka sentimita 3 au zaidi. Hapo wengi huishia. Mwaka jana niliipokea pikipiki ya aina hiyo kutoka kwa kijana aliyeilalamikia kwamba haikati kona na kwamba gurudumu la mbele linaelea akipanda mlima. Kilichotokea ni kwamba nyuma ilishuka na mbele ikabaki palepale, kwa hiyo shoki za mbele zililala zaidi kuelekea nyuma na usukani ukawa mzito wa kugeuka. Ilinibidi nilegeze klempu, yaani vibano vinavyozishika shoki za mbele, na kuzipandisha shoki hizo ndani yake kwa milimita 20 ndipo ikarudi kuwa pikipiki. Na hata hilo lina mpaka: ukizipandisha kupita kiasi, shoki zikibonyea hadi mwisho tairi la mbele litagonga madigadi au klempu ya chini, na kugongwa huko hutokea wakati mbaya kuliko wote, yaani unapotua kutoka kwenye tuta. Lazima fundi atoe springi za mbele, aibonyeze pikipiki mpaka chini kabisa na aangalie kwa macho nafasi iliyobaki. Akikuambia haina haja, ondoka.

Kisha kuna stendi ya pembeni. Pikipiki ikishuka, stendi ileile huwa ndefu mno, pikipiki inasimama wima badala ya kuegemea, na upepo tu wa Kona Baridi unatosha kuiangusha upande wa kulia. Stendi hukatwa na kulehemiwa upya, na pembe ya kisigino chake lazima izingatiwe. Mnyororo nao upimwe ulegevu upya. Na nafasi kati ya injini na ardhi, ambayo katika CRF250L ni takriban milimita 255, inapungua, wakati wewe umesema wazi kwamba unanunua pikipiki mpya kwa sababu ya kukwama tumbo juu ya jiwe. Ukishusha sentimita 4 utakuwa umelipia kitu na kukitupa.

Kuna njia bora ya kushusha, ambayo ni kufungua shoki yenyewe na kuweka bushi, yaani kipande kifupi cha bomba, ndani ili ifupike, mbele na nyuma kwa kiasi kimoja, huku springi ikichaguliwa kulingana na uzito wako. Mwenendo wa pikipiki haubadiliki sana, ila kazi ni ghali na si kila fundi ana vifaa vya kujaza gesi ya naitrojeni.

Kwa hiyo mimi huanza na jambo ambalo karibu hakuna anayeliuliza: shoki inazama kiasi gani mwenyewe akiwa juu yake? Kwa kawaida hutakiwa izame kama theluthi moja ya mwendo wake wote (umbali ambao gurudumu linaweza kupanda na kushuka), yaani milimita 80 hivi kwa CRF250L ambayo nyuma ina mwendo wa 240. Kiwandani hawakutarajia mtu wa kilo 52, kwa hiyo kwako huenda ikazama 50 tu. Kulegeza nati inayobana springi hukurudishia sentimita kadhaa bila kukata wala kulehemu chochote, na mgongo wako utapata nafuu kwa sababu shoki itaanza kufanya kazi badala ya kukurusha. Ila angalia: ikiwa baada ya kulegeza inazama vizuri ukiwa juu, lakini inazama sana hata ikiwa haina mtu, ujue springi yenyewe ni ngumu kuliko uzito wako na dawa yake ni springi laini zaidi. Kuendelea kulegeza nati hakutasaidia.

Mama Ngong Hills

Mimi ni sentimita 154 na nimeendesha CRF250L kwa mwaka wa nne sasa, kwa hiyo hapa napingana kidogo na Mzee wetu, kwa heshima. Nyayo zote mbili hazijawahi kukaa chini hata siku moja. Haihitajiki. Kinachohitajika ni unyayo mmoja, na uhakika kwamba unajua ni upi kabla pikipiki haijasimama. Mimi husogeza kalio langu upande wa kushoto, mguu wa kushoto unatua vizuri, na wa kulia unabaki kwenye breki ya nyuma. Hilo hufanywa sekunde mbili kabla ya kusimama, wala si baada yake, na mahali pa kusimama huchaguliwa kwa macho mapema: penye kichuguu, jiwe au ukingo wa barabara upande wa kushoto. Lilinichukua majuma matatu ya jioni kwenye uwanja wa shule kulizoea, na tangu hapo sikumbuki kuanguka nikiwa nimesimama, isipokuwa kwenye tope.

Nilichobadilisha ni kiti. Fundi wa viti wa Kirinyaga Road alitoa sponji, na nikamsihi asiishushe yote. Nilitaka apunguze pembe mbili za mbele, pale mapaja yanapopita. Urefu katikati ulipungua sentimita 2 tu, lakini miguu ilifika chini kana kwamba ni 4. Fundi akichonga sana katikati utakalia fremu, na safari ya saa tatu itakuadhibu. Ukipenda, mwambie aweke sponji ngumu zaidi chini na laini juu, maana sponji laini tupu huisha haraka.

Usisahau mikono. Sisi wadogo tuna vidole vifupi pia: vishikio vya klachi na breki visogezwe karibu na uvizungushe chini kidogo, ili ukisimama juu ya vikanyagio viganja visikunjike kwenda juu. Kazi hii ya spana moja ilinipunguzia uchovu kuliko kitu chochote nilicholipia.

Kuhusu kuinyanyua: geuza usukani hadi mwisho, weka gea ili isibiringike, ikiwa imelalia kulia toa stendi kwanza, kisha ipe mgongo, chuchumaa, shika usukani na fremu, na urudi nyuma kwa hatua ndogo ukisukuma kwa mapaja. Jaribu hilo dukani kabla ya kununua. Kama huwezi kuinyanyua kwenye sakafu tambarare ya duka la Industrial Area, hutaweza kuinyanyua Kajiado.

Daktari wa Mifugo, Rongai

Nawashukuru sana. Nimepima: mguu wangu kwa ndani ni sentimita 71, na viatu vya soli nene vinaniongezea 3. Jana nilikwenda kuzinyanyua zote mbili. CRF250L niliiinua mara moja, na mara ya pili nikashindwa. XR150L niliiinua mara tatu mfululizo, na nilipoikalia na kusogeza kalio kama Mama alivyoeleza, nusu ya mbele ya unyayo wa kushoto ilitua imara. Nimeamua kuchukua hiyo, na sitaishusha.

Limebaki swali moja. Hubeba sanduku la baridi la chanjo, karibu kilo 8, juu ya keria ya nyuma. Likiwa hapo siwezi kuupitisha mguu juu ya kiti.

Fundi wa Shoki, Kariobangi

Uamuzi mzuri. Sanduku literemshe: lehemu keria ya pembeni, upande mmoja sanduku, upande wa pili dawa na vifaa vya uzito unaokaribiana, vyote chini ya usawa wa kiti. Kilo 8 zikiwa juu na nyuma kabisa huvuta pikipiki kama kilo nyingi zaidi pale inapoanza kuinama, na mguu wako mfupi ndio utakaodaiwa. Kisha panda kama mtu anayepanda punda: shika breki ya mbele, mguu wa kushoto kwenye kikanyagio, simama, pitisha wa kulia. Usifanye hivyo kila siku uzito wote ukiwa juu ya stendi kwenye udongo laini. Beba kipande cha ubao cha ukubwa wa kiganja, ukiweke chini ya stendi.

Ukiileta, njoo na sanduku likiwa na barafu ndani na viatu unavyofanyia kazi, kwa sababu nitapima shoki inavyozama ukiwa umebeba kila kitu.