Tupeane uzoefu: kulenga shabaha huku unahema na moyo unakwenda mbio

Wakuu, kwenye rengi (uwanja wa kulenga shabaha), ukiwa umepumzika, karibu kila mtu anajua kulenga. Nataka kusikia kwa waliopiga wakiwa hoi au wameshikwa na hofu ya kweli. Mwilini kinaharibika nini? Wa stori za muvi wapite kimya kimya.

Kuruta wa Zamani:
JKT afande alitukimbiza na bunduki ya SMG mkononi mpaka kwenye mstari, kisha: chini, lenga! Ukilala kifudifudi unasikia moyo unagonga ardhi, na kile kijino cha kulengea cha mbele kinapanda na kushuka. Wengi walibana pumzi kwa nguvu. Wapi! Ukibana sana macho yanaingia ukungu na mikono inazidi kutetemeka. Vuta, toa, halafu kuna kanafasi kadogo kabla hujavuta tena. Hapo ndipo unabana triga, polepole, bila kuinyakua.

Mzee wa Pori:
Hiyo ni nzuri kama shabaha ni karatasi, mkuu. Mimi nilikuwa askari wa wanyamapori. Tuliitwa kijijini, nyati kajeruhi mtu, kajichimbia kichakani. Alivyochomoka, nani akumbuke pumzi? Mlio wa bunduki yangu ya .458 sikuusikia kabisa, wala bega halikuuma. Nilimwona nyati tu, pembeni giza. Mwenzangu alikuwa kulia kwangu, hatua chache, lakini kwangu mimi hakuwepo. Hilo linanitisha kuliko kukosa, maana ndivyo watu wanavyopigana risasi wenyewe kwa wenyewe. Ndiyo maana kabla ya kuingia kichakani tunakubaliana nani yuko upande gani na nani anaanza. Kilichonisaidia ni kupandisha bunduki tupu begani kila asubuhi, mpaka mkono ukazoea kwenda wenyewe.

Mswahili Barafuni:
Niko Norway, nacheza biathlon (mbio za skii na kulenga shabaha) ya klabu, ya kujifurahisha tu. Unateleza kwa skii, unafika, risasi tano, mita 50. Ukilala duara la shabaha ni milimita 45, ukisimama 115. Ukikosa, kwenye mbio nyingi unazungushwa mita 150 za adhabu kwa kila risasi. Kocha hasemi "tulia". Anataka tupunguze mwendo kabla ya kufika, kwa sababu mapigo ya moyo hayashuki kwa amri. Kusimama ndiyo balaa, magoti yanacheza. Ukingoja mtutu utulie kabisa hupigi. Unakubali unayumba, unaanza kukandamiza triga kadiri unavyokaribia duara.

Kuruta wa Zamani:
Kumbe! Afande alikuwa anatufokea hilohilo, ila kwa matusi.

Mwanzisha mada:
Mzee wa Pori, hofu yenyewe ilikuja saa ngapi?

Mzee wa Pori:
Nyati akiwa ameshalala. Nilitaka kutoa risasi iliyobaki ndani, vidole vikagoma kabisa. Aliitoa mwenzangu, huku ananicheka.