Maine: walioikataa njia ya umeme waliulinda msitu kweli?

Mleta mada:
Wakuu, hasa mlioko New England, kaskazini-mashariki mwa Marekani, hili linanisumbua tangu kura ya maoni ya Novemba 2021. Wiki ile nilimsaidia mama mmoja jirani yangu hapa Lewiston, mwenyeji wa Uvira, aliyekuwa anapiga kura mara ya kwanza baada ya kupata uraia. Swali la 1 lilihusu kupiga marufuku njia ya umeme ya NECEC. Nikamweleza: ukitaka ijengwe, weka Hapana, ukiikataa, weka Ndiyo. Akavua miwani. "Baba, hii ni kura ao ni mtego?"

Kwa asiyejua: Massachusetts ilitaka megawati 1,200 za umeme wa maji wa Hydro-Québec, Kanada. Kwanza ilichagua njia ya kupitia New Hampshire, jimbo lile likakataa mapema 2018. Mzigo ukatua Maine: kilomita 233 za nyaya, karibu 85 kati yake zikipasua msitu wa Kennebec ya juu. Wanamazingira wakagawanyika. Natural Resources Council of Maine wakapinga, Conservation Law Foundation wakaunga mkono. Asilimia 59 hivi wakapiga Ndiyo, yaani hapana.

Mimi nasema waliopinga walikosea. Wenye mtambo wa nyuklia wa Seabrook na ule wa mafuta wa Yarmouth, NextEra, walimwaga mamilioni kuipinga njia hii. Tangu lini wao wakalilia miti? Na karibu nusu ya umeme wa New England unatokana na gesi.

Kisha, kilichouokoa msitu si kura, ni masharti. Nyuma ya nyumba yangu kuna mkuza wa zamani, ukanda uliofyekwa kupitisha nyaya: majani yameungua kwa jua, kulungu anauvuka mbio kama mwizi. Mpana namna hiyo haumfai mnyama. Njia ya Kennebec iliombewa mita 46 hivi. Mwaka 2020 idara ya mazingira ya jimbo ikaamuru ibanwe hadi mita 16 hivi sehemu kubwa ya msitu, na ekari 40,000 zihifadhiwe. Waliokesha kwenye vikao vya vibali wakibishana futi kwa futi, nani anawakumbuka?

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, pesa unaziona upande mmoja tu? CMP, kampuni ya umeme ya Maine, na Hydro-Québec nao walimwaga mamilioni, tena Hydro-Québec ni mali ya serikali ya jimbo la nje! Halafu Wainnu wa Pessamit, wenyeji asilia wa Québec, mbona umewaruka? Wanasema mabwawa yalijengwa kwenye ardhi yao bila ridhaa yao. Misitu iliyozama huko hujaitolea hata mita moja, unatupimia mikuza ya Maine. Na demokrasia je? Aprili 2023 raia 9 wa baraza la mahakama (jury), 9 kwa 0, waliona kampuni ya mradi ilikwishaanza ujenzi kwa nia njema, hivyo haki yake haifutwi na kura. Mama wako wa Uvira alipanga foleni ya nini?

Mchangiaji wa pili:
Tuliobishana kuhusu bwawa la Rufiji tunaujua wimbo huu. Megawati 2,115 kwa Selous. Tofauti ni kwamba sisi hatukuulizwa, si Ndiyo wala Hapana.

Mleta mada:
La Wainnu umenipata, sina jibu, na sitajifanya ninalo. Umeme wa maji kuitwa "safi" bila kumuuliza aliyefurikiwa ni uhuni. Ila hoja hiyo ndiyo ilipaswa kubebwa, badala ya mabango ya miti yaliyojaa barabarani. La demokrasia na mahakama silikubali, kura ilichelewesha tu. Ujenzi ulirudi Agosti 2023 vilevile, gharama zikiwa zimepanda, wateja wa Massachusetts wakabebeshwa zaidi ya dola milioni 500 za nyongeza. Muda wote huo gesi iliwaka. Msitu ulipata nini ambacho masharti ya 2020 hayakuupa?

Na mama wa Uvira, kura yake ni siri yake, sikumuuliza. Ila 2023 alinipigia simu akiwa bado kwenye foleni: "Baba, mwaka huu Ndiyo ni ndiyo?"